Makato Yangu ya Ziada

Barua ile niliifungua mimi mwenyewe, kwa sababu barua zote zinazohusu mishahara hupitia mezani kwangu kabla hazijafika kwa mtu mwingine. Ilitoka Kigali, kwa wale wanaotunza akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa hoteli yetu ya Gisenyi. Huandika kila mwaka, na huwa ni yaleyale: tarehe ya kuzaliwa ya fulani haifanani na kitambulisho, mpishi fulani hajataja mrithi. Safari hii kulikuwa na ukurasa wa pili. Walisema wamepitia michango ya miaka mitatu na wamemkuta mfanyakazi mmoja anachangia kuliko kanuni inavyoruhusu, tena si kidogo, karibu mara tatu. Ziada yote ilipaswa kutolewa kwenye mfuko na kurudishwa kwa mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Hawakuandika jina, waliandika namba ya mfanyakazi. Namba hiyo ilikuwa yangu.

Nikainuka nikafunga mlango. Ofisi yangu iko nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na dirisha lake linatazama ukuta. Ziwa ni la wageni, liko upande wa mbele. Nilikaa pale kwenye joto la mashine za watu wa dobi, nikaisoma barua mara ya pili na ya tatu nikitafuta neno moja tu la kunipa mwanya. Halikuwepo. Mtu mwingine angeambiwa kuna pesa zake zinarudi angeruka juu. Mimi nilihisi nimekamatwa shingoni.

Lazima nieleze ilivyokuwa. Hoteli yetu inamkata kila mfanyakazi sehemu ndogo ya mshahara wa msingi, nayo inaongeza kidogo juu yake, na pesa hizo zinakwenda Kigali kukaa hadi mtu atakapostaafu. Anayependa anaweza kuomba akatwe zaidi, ila kuna kikomo. Kikomo hicho nakijua vizuri. Nimewasomea wahudumu, wapishi na walinzi mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisema usingizini. Lakini kompyuta yetu ya mishahara ni mjinga. Ukiiandikia namba inameza tu, haiulizi. Na mtu wa kukagua kwamba karani wa mishahara hajajikata kupita kiasi ni karani wa mishahara.

Kwa hiyo nisidanganye hapa pia. Sikukosea. Nilijikata kwa makusudi.

Mama yetu alimaliza miaka yake ya mwisho akiomba sabuni. Mwanamke aliyeuza vitambaa zaidi ya nusu ya maisha yake, Gisenyi mjini na siku za soko Mahoko, aliyevisha nusu ya maarusi wa mtaa wa Majengo, alifika mahali pa kumwambia mwanawe, "Kama utapitia dukani, na kama imebaki kitu." Hakuwahi kutaja sabuni yenyewe. Alikuwa anazunguka, anasifu hali ya hewa, anauliza habari za kazi, halafu ndiyo hiyo "kama utapitia dukani". Nilikuwa nikiona aibu inavyompanda usoni, na mimi nilikuwa nikipandwa na hasira, sijui hasira kwa nani. Siku tulipomzika niliapa kwamba mimi sitamwomba mtu sabuni. Sina mume, sina mtoto, nina chumba kimoja na nusu cha kupanga. Nikizeeka ni mimi na Mwenyezi Mungu, na Mungu haendi dukani.

Tatizo ni kwamba pesa ikifika mkononi mwangu haikai. Familia yetu ni kubwa, imekaa pande zote mbili za mpaka, Waislamu kwa Wakristo, na hakuna wiki isiyo na kilio, posa, mtoto aliyefukuzwa shule au mtu aliyelazwa. Simu inalia siku ya mshahara kuliko siku ya Idi. Na mimi kukataa siwezi, na kusema uongo wa wazi, kwamba sina pesa ilhali ninazo, ulikuwa unanikaba. Ndipo nikagundua dawa: nisiwe nazo kweli. Zikatwe kabla hazijanifikia. Nikimwambia mtu sina, iwe ni kweli tupu. Nilijiona mwerevu sana.

Sasa kuna kaka yangu. Yeye ndiye mkubwa wetu, ni fundi cherehani, anakaa Birere, upande wa Goma, hatua chache tu ukishavuka Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpaka wa Rwanda na Congo. Baba alipofariki, kaka aliacha shule akashika mashine ili mimi nisome uhasibu. Halisemi hilo. Sijawahi kumsikia hata kwa utani akinikumbusha. Alichoweka ni desturi moja tu: Ijumaa ya kwanza baada ya mishahara, kila mwenye kazi anakuja kwake baada ya swala ya mchana, tunakula pamoja, na kila mmoja anaweka karatasi yake ya mshahara kwenye mkeka. Hakuwa na nia ya kumnyang'anya mtu. Alisema watu wakijua nani ana nini hawatanung'unika kwamba fulani anaficha. Zamani tulikuwa wengi mkekani. Sasa wengine wametawanyika, na karatasi iliyobaki ni yangu peke yake.

Kaka hasomi Kifaransa cha juu ya karatasi. Anakwenda moja kwa moja chini, kwenye kile ninachopeleka nyumbani. Mwezi wa kwanza baada ya kujikata aliitazama ile namba muda mrefu.

"Mudogo, hii njo yote?"

"Njo yote, kaka."

"Batu banakuja kulala pale na madola, na we banakupa hii? Ile hoteli iko mubaya."

Nikaiacha hoteli ibebe lawama. Na kweli sikuwa nimesema uongo. Namba ilikuwa palepale, imepigwa chapa, ina muhuri.

Tangu siku hiyo hakuniomba tena hata franga mia. Hata jamaa wengine walipompigia aliwaambia waniache, dada yao analipwa kama mfagiaji. Nilipumua. Nilidhani nimeshinda. Halafu, mwezi wa pili au wa tatu, nilipokuwa navaa viatu niondoke, akaniwekea mfuko mlangoni. Unga wa muhogo, kopo la mawese, mkaa kidogo kwenye karatasi.

"Kaka, hapana, hii ni ya watoto."

"Watoto banakula. Na we unakulaka nini kule? Beba."

Nikabeba. Mwezi uliofuata tena, na uliofuata. Nilipanga foleni Petite Barrière pamoja na wanawake wenye mabeseni ya nyanya vichwani, mimi mwenye blauzi ya ofisini na mfuko wa unga, nikivuka na chakula cha mtu aliye maskini kuliko mimi. Wengine walinitania, mbona mama wa ofisi anafanya biashara ya unga. Nilicheka nao. Niliona haya kila mwezi, na kila mwezi nilipokea, kwa sababu kukataa kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa Kigali inazaa faida.

Mwaka wa pili mwenye nyumba yangu alitaka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mkekani nikalalamika, kulalamika tu kama watu wanavyolalamikia mvua. Wiki mbili baadaye kaka akavuka mwenyewe hadi kazini kwangu, jambo ambalo hajazoea, akanipa bahasha kwenye geti la nyuma. Kodi yote ilikuwemo. Nilimuuliza ametoa wapi akasema amepata kazi ya sare za shule. Nikapokea. Ningeweza kusema, kaka rudisha, nina pesa ila nimezifungia. Maneno ni machache, nayaandika hapa kwa mstari mmoja. Pale getini hayakutoka.

Kisha macho yake yakaanza kumwacha. Mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia likitangulia. Kwanza mke wake akawa ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano. Halafu akakata kitenge cha arusi ya mtu, mkono mmoja ukatoka mfupi kuliko mwingine, ikabidi akinunue kipya. Wateja wakaanza kusema watarudi kesho. Daktari wa upande wetu alisema ni upasuaji mdogo, mtu anaingia asubuhi na kutoka mchana, ila kaka aliposikia bei yake akacheka, kisha akavaa kofia yake akatoka.

"Itangoja," alisema njiani. "Mi bado naona taa na batu. Inatosha."

Mimi nilikuwa namshika mkono ili asijikwae kwenye mawe ya lava, na kichwani nilikuwa napiga hesabu. Pesa yangu ya Kigali ingelipia macho yote mawili na ingebaki. Nikawaandikia. Nikaeleza ugonjwa, nikaambatanisha karatasi ya daktari. Wakajibu kwa heshima kwamba mfuko ni wa uzeeni, haufunguliwi kwa maradhi ya ndugu, nitaupata nikistaafu. Nilikuwa nimejenga chumba kisicho na mlango nikajiingiza mwenyewe. Miezi minane nilikwenda mkekani nikamtazama akipapasa sahani kutafuta chumvi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa barua ya ziada ilipofika.

Mkuu wa fedha wa hoteli ni mtu aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, na heshima yake inaweza kukumaliza. Nilimpelekea barua mwenyewe, maana angeiona tu. Akaisoma, akavua miwani.

"Dada, hebu nieleze. Imetokeaje hii?"

"Nilikosea kuandika."

"Wewe? Wewe ambaye mlinzi akizidishiwa franga tano unamwita arudi?"

Akaendelea kwa upole.

"Wenzako wakikatwa kidogo tu zaidi wanakuja kuvunja mlango. Wewe umekatwa mara tatu, miaka mitatu, hukuona pengo?"

Nilimwambia, basi ziache palepale. Nitaacha kuchangia miaka mitatu ijayo, zihesabiwe za miaka hiyo. Nilikuwa nimeshalifikiria hilo usiku kucha na lilionekana la haki kabisa. Akatikisa kichwa.

"Haiwezekani. Ziada haihamishwi mwaka, haisamehewi, haiachwi. Inatoka pamoja na faida iliyozaa. Kile ambacho hoteli iliongeza juu ya hiyo ziada kinarudi kwa hoteli. Kodi ya serikali ambayo haikukatwa wakati ule inakatwa sasa. Kinachobaki unalipwa kwenye mshahara wa mwezi huu, na unasaini."

"Na kama mwenyewe hazitaki?"

"Mwenyewe hana ruhusa ya kutozitaka." Akanitazama vizuri, akacheka kidogo. "Nimefanya kazi hii miaka mingi, wewe ni wa kwanza ninayemwona anataka kulia kwa kurudishiwa pesa zake."

Nilicheka na mimi.

Masahihisho niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe, hapakuwa na mwingine wa kuyafanya. Nilirudi mwezi kwa mwezi, mishahara thelathini na sita, nikiweka kile kilichoruhusiwa upande huu na kile nilichojiibia upande ule. Kila mwezi nilioufungua nilijua Ijumaa yake ilikuwaje. Mwezi huu kaka alinipa mkaa. Mwezi huu alileta kodi getini. Halafu nikaandika barua rasmi ya kujijulisha: Ndugu mfanyakazi, tunakuarifu kwamba. Nikasaini kama mtayarishaji, nikasaini kama mpokeaji. Saini mbili za mtu mmoja zikatoka hazifanani.

Mshahara ulipoingia nilitazama simu nikashtuka. Nilikuwa sijaiona namba kama ile jina langu likiwa juu yake. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu barua ifike, nikafikiria kitu kingine zaidi ya kufichuka kwangu. Macho. Pesa nilizoambiwa haziwezi kutoka zilikuwa zimetoka. Nililia pale ofisini, kweli nililia, kwa furaha na kwa hofu pamoja, na mama mmoja wa dobi akanigongea akidhani nimefiwa.

Niliamua nitasema yote. Ijumaa ilipofika niliomba ruhusa mapema nikaenda kwa miguu hadi mpakani nikijifunza maneno. Kaka, nimekuficha. Kaka, hoteli hainilipi vibaya, ni mimi. Nikayarudia hadi foleni ilipokwisha, nikayarudia nikipita katikati ya wabeba mizigo, nikafika mlangoni kwake yakiwa tayari mdomoni.

Hakuwa amerudi kutoka msikitini. Wifi yangu alikuwa uani anakaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Yeye ni Mkatoliki, wa damu ya Goma hasa, mcheshi, hajui kuficha kitu usoni. Nilikaa kwenye kigoda nikaangalia ile pembe ya sebule ambako mashine ya pili ya kaka ilikuwa ikikaa, ile ya kushona pindo. Kwa zaidi ya mwaka pembe ilikuwa tupu, na kila nilipouliza kaka aliniambia iko kwa fundi.

"Wifi, huyu fundi bado hajamaliza ile mashine?"

Akanyanyua kichwa, akaona kwamba sijui lolote, nami nikaona kwamba amelitambua hilo. Akaweka mwiko chini.

"Ile mashine hakuna fundi iko nayo. Aliiuzisha. Ile mwezi ulikosa makuta ya kulipa nyumba." Akashika mkono wangu kwa vidole vyenye mafuta. "Usimuambie nimekuambia. Alinikataza kabisa. Alisema utaona haya."

Mashine ya pindo ndiyo iliyokuwa ikimpa kazi za sare na mashuka. Bila hiyo alibaki na viraka na kupunguza suruali. Aliiuza ili dada yake asitolewe nyumbani, na dada yake wakati huo alikuwa na pesa za kununua mashine mbili, zimelala Kigali zikizaa. Maneno niliyokuja nayo yakaniishia. Yangewezaje kusemwa sasa? Awali ilikuwa ni kukiri kwamba nilimficha. Sasa ilikuwa ni kumwambia mtu aliyeuza mkono wake wa kulia kwamba aliuza bure.

Kaka akaingia akipapasa ukuta. Alinisikia ninavyopumua akajua ni mimi, akatabasamu upande nisiokuwepo.

"Mudogo, umefika? Iko hewa gani kule?"

Nikafungua mdomo. Kilichotoka sikukiandaa, naapa sikukiandaa.

"Kaka, kazini wamenikopesha. Bosi amekubali. Ni kwa ajili ya macho yako."

Akaanza kuutafuta mkono wangu hewani, akaupata, akaushika kwa mikono yake miwili. Wifi akafanya ishara ya msalaba, kaka akamwombea mkuu wa fedha dua ndefu, kwa watoto wake, kwa wazazi wake, kwa kila mlango atakaougusa. Nilisema amina. Karatasi ya mshahara ilikuwa ndani ya mkoba wangu nikaubana na kwapa, na yeye kwa furaha hakukumbuka kuiuliza.

Upasuaji ulikwenda salama, jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya wiki chache. Siku walipomvua bandeji ya pili mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti mbele yake. Akapepesa, machozi yakamtoka, akanisogelea hadi pua zikaribie kugusana.

"We! Mudogo! Kumbe umeota mvi!"

Tulicheka hadi muuguzi akatukemea. Nilikuwa na furaha siku ile, sitaki niseme vinginevyo. Tukapanda gari dogo hadi Rubona, kando ya ziwa, ili aone mitumbwi, maana alisema anataka kuangalia kitu kilicho mbali, na njiani alisoma kwa sauti kila kibao cha duka, vibao vyote, kama mtoto aliyejua kusoma jana. Nilijiambia kwamba uongo mmoja uliozaa hayo si uongo mbaya. Nilidhani umekwisha.

Ijumaa ya kwanza iliyofuata, tulipomaliza kula, akaingiza mkono mfukoni akaniwekea noti pembeni ya sahani yangu. Noti za kazi ya cherehani, za mia tano mia tano, zimekunjwa mara nne.

"Hii ya bosi."

"Ya bosi gani, kaka?"

"Ile deni. Banakukata ku mushahara, si ndiyo? Na mushahara yenyewe kidogo vile. Mi nitasaidia."

Nilikataa. Nilikataa kwa nguvu hadi nikapandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Hakukasirika.

"Deni ya macho yangu. Mi nisilipe, alipe nani?"

Mwezi wa pili nikaja na ufumbuzi. Nikamwambia bosi amesamehe deni lote, amesema ni sadaka. Kaka akainuka akaanza kutafuta mkanda wake wa kupimia. Alitaka kujua mabega ya bosi yana upana gani. Angemshonea kanzu ya kitambaa kizuri, na Jumatatu angevuka mwenyewe amshukuru uso kwa uso, maana mtu wa namna hiyo hashukuriwi kwa simu. Ikabidi nikimbilie kusema nilielewa vibaya, bosi alikuwa anamsemea mfanyakazi mwingine. Kaka akakunja mkanda taratibu. Alikata tamaa kidogo, halafu akaingiza mkono mfukoni.

Nimejaribu njia zote. Nilimpa wifi zile noti amrudishie kidogokidogo kwenye matumizi ya nyumbani, akanirudishia, akasema mumewe anajua kila franga inayoingia, atauliza. Nilifikiria kumnunulia mashine ya pindo, lakini dada mwenye deni ananunua mashine kwa pesa gani? Ningehitaji uongo wa tatu wa kuubeba wa pili. Na kuziweka kwenye akiba ya uzeeni siwezi, mimi sasa nimefika kikomo, na kompyuta yetu wameitengeneza, ukizidisha inakataa. Noti zake ziko kwenye bahasha kabatini. Kila nikifungua kabati kuchukua nguo ya kazi, ziko pale, na ninavaa haraka.

Na yeye anashona. Wifi ananiambia haachi mashine hadi giza liingie, anachukua kazi alizokuwa anazikataa, magunia, mapazia ya kanisa la watu wa mke wake, anasema Mungu amempa macho kwa hiyo ayatumie. Kila mwezi analeta zaidi kidogo kuliko mwezi uliopita, na anaona vizuri kabisa uso wangu ninapopokea. Anadhani ninachoona ni haya ya kudaiwa. Ananiambia nisiogope.

Ijumaa iliyopita alinawa mikono, akakaa, akaniuliza swali ambalo mimi, mwenye kutunza hesabu za watu wazima sitini, sikuwa nimejiandaa kulijibu.

"Imebakiya miezi ngapi?"

Ningeweza kusema mmoja. Lakini kaka ni mtu wa risiti, angetaka kuona barua ya kumaliza deni, angeitaka yenye muhuri. Ningeweza kusema kweli, na wifi alikuwa amekaa hapo pembeni ya ile pembe tupu, ananiangalia. Nilisikia kichwa changu kikifanya hesabu, kikigawa kiasi ambacho hakipo kwa mwezi ambao haupo, kwa usafi uleule ninaoutumia kazini.

"Saba," nikasema. Nilinunua miezi saba ya woga wangu, na nilijua ni nani atakayeilipia.

Akahesabu kwa vidole, akivitazama kimoja kimoja. Uso ukamkunjuka.

"Bon," akasema. "Saba iko kidogo tu. Tutaimaliza sisi wawili."